Masii kwa Mwendo wa Pole



Wengi wetu watu wa pwani twaijua Ukambani kwa kuiona dirishani. Twapanda basi Mwembe Tayari baada ya isha, twalala kabla ya Voi, na tufumbuapo macho tumekaribia Nairobi. Wapandao gari la moshi Miritini mchana huona vilima, migunga na ardhi nyekundu vikipita kwa kasi, wakasema nchi ile ni kavu, kisha wakarejea kwenye mazungumzo yao. Na ilhali mbaazi tuzipikazo kwa nazi na kuzila kwa mahamri, pojo za chakula cha jioni, maembe ya mwezi wa Januari na hata vinyago vichongwavyo Changamwe, vina asili au undugu na nchi hiyo hiyo tuliyoipita tumelala. Juma hili twataka kuwapeleka humo kwa miguu, katika mashamba yauzungukayo mji mdogo wa Masii.

Twasema mwendo wa pole kwa makusudi. Hatuzungumzii kupanda mlima, wala kushindana kwa saa. Twazungumzia matembezi matatu mafupi, ambayo hakuna hata moja lizidilo saa mbili, na ambayo mama mwenye mtoto mkononi, au bibi mwenye bakora yake, aweza kuyamaliza bila kutafuta wa kumbeba.

Yupo atakayeuliza: matembezi ya nini, na kazi za nyumbani zimejaa? Katika miji yetu mwanamke akionekana njiani huulizwa aendako, kana kwamba mguu wake haukuumbwa ila kwa soko, hospitali na matanga. Mwanamume aweza kukaa barazani tangu alasiri hadi magharibi bila kuulizwa neno. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za harakati za wastani kila juma, na mtoto dakika 60 kila siku. Kutembea kwa miguu kwahesabiwa humo. Kisukari na shinikizo la damu si maneno mageni katika nyumba zetu, na ni jambo zito kwamba dawa isiyouzwa dukani ndiyo tunayoionea haya.

Hata hivyo, afya siyo sababu yetu kubwa leo. Mguu huona yale ambayo gurudumu hupita juu yake. Nchi ya Masii, ambayo kutoka mbali yaonekana kama imeachiwa jua na mbuzi, ukiitembea taratibu utagundua kwamba karibu kila hatua imeguswa na jembe, na kwamba mara nyingi mkono ulioshika jembe hilo ulikuwa wa mwanamke. Hilo ndilo tunalotaka watoto wetu walione kwa macho yao.

Kufika, na wakati wa kwenda

Masii iko mashariki ya mji wa Machakos, kwenye barabara ya lami iendayo Wamunyu hadi Kitui. Atokaye Mombasa huiacha barabara kuu ya Nairobi pale Kyumvi, kwenye njia panda ya Machakos, akapita mjini Machakos, kisha akashika njia ya Kitui. Matatu zapita mchana kutwa. Kwa familia yenye watoto twashauri kulala Machakos na kwenda Masii asubuhi, maana mwendo ni mfupi na mjini mna msikiti na nyumba za wageni.

Nchi hii iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Hewa yake ni kavu na nyepesi, na asubuhi za Julai zina baridi ambayo mtoto wa Mombasa hakuizoea. Msiache kofia na sweta. Mvua ni za misimu miwili kama kwetu, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Lakini huku hesabu imegeuka. Sisi twaitegemea masika, wao huiamini zaidi vuli, na mkulima wa Ukambani huweka tumaini lake kubwa katika mvua za Novemba. Kwa hiyo mwezi bora wa kutembea ni Desemba, watoto wakiwa likizoni, mahindi yamesimama, kunde zimetambaa na maembe yaanza kuiva. Ajaye Agosti ataiona nchi ikiwa kavu na ya rangi ya kahawia, lakini atazikuta mbaazi zikivunwa.

Matembezi ya kwanza: mbaazi na matuta

Anzeni saa moja asubuhi, jua likiwa bado na huruma. Acheni lami, mshike mojawapo ya njia za vumbi ziingiazo mashambani upande wa Vyulya au Muthetheni, na baada ya dakika chache kelele za matatu zitakuwa nyuma yenu. Kitakachokuja mbele ni kuku, mlio wa njiwa, na sauti za watu wakisalimiana kutoka shamba hata shamba.

Kwanza waonyesheni watoto mbaazi. Wengi hawajawahi kuuona mmea wake. Wazijua zikiwa bakulini tu. Ni kichaka chembamba kinachoweza kumpita mtu mzima kwa kimo, chenye maua ya manjano na maganda yenye mistari. Wakamba huziita nzuu. Hupandwa vuli pamoja na mahindi. Mahindi huvunwa kwanza, nazo mbaazi zikabaki shambani peke yake miezi mingi ya kiangazi, mizizi yake ikishuka chini kuyafuata maji ambayo mimea mingine haiyafikii. Machakos, Makueni na Kitui ndizo kitovu cha kilimo cha mbaazi nchini Kenya. Mama anayezichambua asubuhi Kisauni au Majengo ana mwenzake huku aliyezichuma kwa mkono, ganda kwa ganda, naye hamjui.

Kisha watazameni chini ya miguu yao. Mtagundua kwamba shamba halishuki kama mteremko wa kawaida, bali kama ngazi: kipande cha ardhi karibu tambarare, kisha ukingo ulioota majani, kisha kipande kingine. Hayo ni matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mkulima huchimba mtaro kuukata mteremko, na udongo anaoutoa huutupa upande wa juu, ukawa tuta. Mvua ijapo, udongo utelemkao husimama nyuma ya tuta hilo, na baada ya miaka kadhaa ardhi hujisawazisha yenyewe. Njia hii huitwa fanya juu. Wataalamu wa udongo duniani wameliandika jina hilo vivyo hivyo katika vitabu vyao vya Kiingereza, bila kulitafsiri. Mtoto wa Kiswahili na ajue kwamba maneno mawili ya lugha yake yamekuwa istilahi ya elimu, na kwamba yalitoka katika mashamba kama haya.

Matuta hayo yana historia yenye uchungu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliitazama Machakos ikaiona kama nchi inayokufa: vilima vimekwanguliwa, makorongo yamefunguka, mifugo ni mingi na malisho yamekwisha. Haikusema kwa sauti ile ile kwamba ardhi nzuri iliyo kando ilikuwa imetengwa kwa masetla. Mwaka 1938 ikaanza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe ili kupunguza idadi yao, na kiwanda cha nyama cha Liebig's kikawa tayari Athi River. Watu wakaondoka kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kwa miguu kumwona gavana, wakakaa huko majuma kadhaa wakikataa kurudi. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Wasomaji wetu wa Lamu na wakumbuke kwamba mji wao uliwahi kuwa gereza la mtu aliyetetea ng'ombe wa majirani zake. Mwishowe serikali iliacha kuwachukua ng'ombe kwa nguvu.

Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, na kazi ya lazima haipendwi na mtu. Lililobadilisha nchi ni kazi ya hiari. Wakamba wana desturi ya mwethya, yaani majirani kukusanyika na kulimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Wanaume wengi wakiwa kazini Nairobi na Mombasa, mwethya ilibaki mikononi mwa wanawake. Wao ndio waliochimba, wakiimba, shamba baada ya shamba, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya wilaya ya Machakos ya zamani, ambayo wakati huo ilijumuisha na Makueni. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Nchi iliyotabiriwa kufa iliokolewa na watu wengi zaidi. Someni hilo kwa sauti mkiwa mmekaa juu ya tuta, watoto wakinywa maji yao.

Matembezi ya pili: mto usio na maji

Matembezi haya ni ya alasiri, jua likianza kulegea. Ulizeni njia ya mtoni. Kila mtu ataijua. Msishangae mfikapo mkakuta mto hauna maji, ila mchanga mweupe tu, mpana na laini, kama ufuo wetu maji yakiwa yametoka. Mito mingi ya huku hutiririka siku chache baada ya mvua kubwa, kisha hukauka juu. Chini yake haikauki. Mchanga huyaficha maji kati ya chembe zake, jua lisiweze kuyanywa wala mbu kuzaliana humo.

Watu wa Ukambani walijifunza kuusaidia mto kufanya kazi hiyo. Hutafuta mahali ambapo mwamba uko karibu, wakajenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto kutoka ukingo hadi ukingo. Mafuriko yajapo huleta mchanga, ukajaa nyuma ya ukuta, na baada ya misimu michache panakuwa na bwawa la mchanga, maji yake yamelala ndani. Machakos, Makueni na Kitui zina mabwawa ya namna hii kwa mamia, na mengi yamejengwa na vikundi vya kujisaidia, mawe yakichukuliwa kwa mikono na mchango wa wanawake ukiwa mkubwa kama ule wa kwenye matuta.

Hapo mtoni ndipo matembezi yetu hupoteza wepesi wake, na hatutaki kulificha hilo. Mtakutana na kina mama na mabinti wakichota kutoka katika visima vilivyofukuliwa mchangani, na punda waliobebeshwa mitungi minne kila mmoja. Mtungi ni wa lita 20, na lita 20 za maji ni kilo 20. Asiye na punda huubeba mgongoni, kamba ikipita juu ya paji la uso. Njia ile ile tuliyoishuka kwa raha, tukionyeshana ndege, wao huipanda na mzigo, na kesho wataipanda tena. Twaombeni tusiwafanye kuwa mandhari. Tusimame kando tuwapishe, tuwasalimu, na mtoto mwenye nguvu ajaribu kuunyanyua mtungi mmoja kwa ruhusa ya mwenyewe. Akirudi nyumbani hataacha tena bomba likivuja.

Kuna jambo jingine mtakaloliona, nalo laweza kuwagusa wenye kujenga miongoni mwetu. Mito mingi ya Machakos na Makueni imechimbwa mchanga na kupakiwa malori, ukaenda kujenga Nairobi na vitongoji vyake. Mchanga ukiisha hubaki mwamba mtupu, na mwamba hauhifadhi maji. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015 baada ya migogoro mikali. Wako ndugu zetu wanaojenga Syokimau na Athi River. Kabla ya kulipia lori na waulize mchanga umetoka mto gani na kwa kibali cha nani, maana yawezekana nyumba inasimamishwa kwa kisima cha mtu mwingine.

Na maji yenyewe, yakishuka, huenda wapi? Swali hili waulizeni watoto kabla hamjawajibu. Vijito vya nchi hii humwagikia Mto Athi, nao Athi huzunguka ukishuka kusini-mashariki kando ya uwanda wa Yatta. Ukikutana na Mto Tsavo huitwa Galana. Ukifika kwetu huitwa Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya Malindi. Kila mtu wa Malindi anajua namna bahari igeukavyo rangi ya chai ya maziwa wakati wa mvua. Rangi hiyo ni mashamba. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka kama 300, ambalo huweka kumbukumbu ya kila mwaka kama mti uwekavyo pete zake. Walikuta kwamba udongo uletwao na mto uliongezeka sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo kila tuta linalochimbwa na mama wa Masii hulinda shamba lake kwanza, na kisha matumbawe na samaki wetu. Sisi hatujawahi kumwambia ahsante.

Matembezi ya tatu: Wamunyu, mikono isiyokaa bure

Siku ya pili pandeni matatu hadi Wamunyu, mji ulio mbele ya Masii kwenye barabara ile ile. Tembeeni taratibu kando ya mji, mtasikia tezo zikigonga mti chini ya miti ya kivuli. Wamunyu ndiko ulikoanzia uchongaji wa Wakamba kama tuujuavyo leo. Yasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mtu wa hapa, alikwenda Tanganyika na jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza huko kuchonga, akarudi nyumbani na ufundi huo. Kutoka kwake ukaenea kwa jamaa na majirani, na hatimaye ukashuka hadi Mombasa, ambako chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kipo Changamwe tangu 1963. Mpingo na muhuhu vilipoadimika misituni, wachongaji wa pwani walihimizwa kutumia mwarobaini, mti ulioota katika kila ua wetu. Nyumba zisizoweka sanamu zisiogope kuja. Iko miiko, yako mabakuli, na iko bakora nzuri ya kumpelekea babu.

Njiani tazameni mikono ya kina mama. Wengi hutembea wakisuka vyondo, uzi wa mkonge ukizunguka vidoleni, macho yakiwa njiani na mazungumzo yakiendelea. Kiondo kimoja huweza kusafiri hivyo siku nyingi, kwenda sokoni na kurudi, kabla hakijaisha. Ukikinunua, usimpunguzie bei mwenyewe kana kwamba wanunua kamba. Mtazame kwanza anavyosuka uzi mmoja tu, kisha hesabu ni nyuzi ngapi.

Adabu ya njia

Mashambani Uingereza watu hutembea kwa haki iliyoandikwa. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza kaunti kuzichora njia zote za miguu kwenye ramani, na tangu hapo mtu hukatiza shamba la ngano la mwingine bila kuomba ruhusa. Haki hiyo haikuja bure. Mwaka 1932 vijana walifungwa jela baada ya umati kuingia kwa makusudi katika mlima Kinder Scout uliokuwa umefungiwa watu. Masii haiko hivyo. Njia nyingi za miguu hapa hazimo katika hati ya mtu yeyote. Zimo katika ridhaa: baba fulani aliwaacha majirani wapite pembeni ya shamba lake, na wanawe hawajawazuia. Ardhi inapogawanywa kwa warithi, na kila mmoja akitia uzio wake, ridhaa hiyo hupungua. Njia ikizibwa, wa kwanza kuumia si mgeni aliyekuja kutembea, bali ni mama mwenye mtungi na mtoto wa shule, ambao sasa watazunguka mbali.

Kwa hiyo mgeni na aitunze ridhaa hiyo kwa mwenendo wake. Salimuni kila mtu mkutanaye naye. Kiswahili chafahamika, lakini "wĩ mũseo?", yaani hujambo, hufungua uso kwa tabasamu, na "nĩ mũvea" ndiyo ahsante yao. Mkiiona njia yapita karibu na mlango wa nyumba, piteni hodi kwanza. Msikanyage mimea, msichume embe bila kuuliza; lanunuliwa kwa bei ndogo, na kulinunua ni heri kwenu nyote. Msipige watu picha bila idhini, hasa kina mama kisimani. Sisi wenyewe twajua tunavyochukia kupigwa picha mitaani mwa Mji wa Kale na wageni wasiotusalimu. Mkikaribishwa chakula, isyo ya mahindi na maharagwe, au muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, ulizeni kwa upole kilichotiwa ndani. Hakuna atakayekasirika.

Machache ya kujiandaa

Vaeni raba zilizozoea mguu, msivae mpya. Buibui refu huokota mbigili na kishonanguo tangu hatua ya kwanza. Lipandisheni kidogo juu ya suruali pana au vaeni dera lisiloburura. Kila mtu na awe na chupa yake ya maji. Chukueni mkeka mwepesi wa kuswalia, na ratibuni matembezi ya asubuhi yaishe kabla ya adhuhuri, na ya alasiri yaanze baada ya swala na yaishe kabla ya giza, maana magharibi huku huingia haraka. Msitembee peke yenu mara ya kwanza. Kijana wa mtaani atakayewaongoza alipwe haki yake bila kungoja aombe.

Na onyo moja lisilo na mjadala: mvua ikinyesha, au hata mkiona wingu zito limesimama juu ya vilima vya mbali, tokeni kwenye mchanga wa mto mara moja. Maji hushuka ghafla kutoka mahali ambapo ninyi hamkuiona mvua, na mto uliokuwa uwanja wa watoto dakika kumi zilizopita huweza kuchukua ng'ombe.

Wasiojaliwa safari mwaka huu wanaweza kuanza nyumbani. Nunueni mbaazi, mumwulize mwenye duka zimetoka wapi. Wa Malindi na Mambrui waende na watoto hadi daraja la Sabaki baada ya mvua, watazame yale maji mekundu, na wawaeleze ni udongo wa nani. Kisha watembee kurudi nyumbani kwa miguu, mama akiwa mbele, na akiulizwa aendako ajibu kwamba anatembea.